Jinsi Ngome ya Aldercombe Ilivyotekwa

Aldercombe, Somerset
22 Agosti 1954

Kaka yangu mpendwa Lambert,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu Ottilie na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Barua yako ya Juni ilinifikia salama, nami niliisoma nimesimama, maana nilishindwa kungoja nikae. Nimefurahi kusikia kwamba mgongo wako umepona na daktari amekukataza kupanda juu ya paa la ghala, ingawa nakufahamu, najua umeshapanda. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua kidogo kwa ajili ya zile ngazi za mnara, lakini magoti yanayouma kwa kazi ni afadhali kuliko yanayouma kwa kukaa. Kaburi la mama nimelipalilia na mawaridi yake yamechanua vizuri mwaka huu. Mvua imekuwa ya kutosha, labda imezidi.

Binamu yetu Hepzibah ameniambia kwamba amekwisha kukuandikia habari za Jumamosi ya wiki iliyopita. Hepzibah akisimulia jambo hulitia chumvi mpaka haliliki. Isitoshe, yeye alikuwa nje ya lango, tena nyuma ya birika la chai. Mimi nilikuwa ndani. Kwa hiyo barua yake iweke kando, usome hii.

Ngome yenyewe unaijua, umevua samaki kwenye handaki lake ukafukuzwa mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa kijiji hiki. Bado iko vilevile: minara minne ya mviringo, ukuta wenye meno juu, maji pande zote, na daraja moja la mawe linaloingia langoni. Wageni hushangaa kuiona nzima, wakati majumba ya wenzetu yamebaki magofu ya kulishia kondoo. Wewe na mimi tunajua sababu. Enzi zile Bunge lilipopigana na Mfalme na kubomoa kila ngome nchini, bwana wa hapa aliwafungulia askari lango mwenyewe, akawakaribisha chakula cha mchana, wakala wakashiba wakasahau kubomoa. Bwana Everard, mwenye ngome, husema kukaribisha si kutekwa, na katika hilo hakuna anayembishia.

Anabishiwa katika lile jingine. Wewe uliondoka kwenda Kanada kabla mzee Hallowes hajafa, kwa hiyo hukuyaona yaliyotokea siku ya mazishi. Tulipokuwa mezani, Bwana Everard alisimama kumsifu baba yake, akamalizia kwa kusema kwamba familia ya Hallowes imekaa katika ngome ambayo haijawahi kutekwa tangu Bwana Fulk alipoweka jiwe la kwanza. Dada yake, Bi Lavinia, hakungoja hata watu wanywe. Alisema, mbele ya askofu, kwamba ilitekwa, tena vibaya, enzi za mjukuu wa Fulk: vijana wa kabaila wa ng'ambo ya mto walipanda kupitia shimo la choo cha ukutani, wakamkuta bwana ndani ya beseni anaoga, wakala chakula chake cha jioni huku wakimwangalia. Akasema kila mwanamke wa nyumba hii amemsimulia binti yake kisa hicho, na kila mwanamume amejifanya hasikii. Bwana Everard akamwambia hizo ni hadithi za jikoni. Bi Lavinia akaondoka na sahani yake, akahamia mnara wa kusini, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Fikiria, Lambert. Kaka na dada, wazee wote wawili, hawana mke wala mume wala mtoto, wanaishi ndani ya ukuta mmoja na hawasemezani. Kaka mnara wa kaskazini, dada mnara wa kusini, na mimi mpishi wao katikati ya ua, nikipeleka supu huku na maneno kule. Bi Lavinia angesema, mwambie yule mbuzi mzee kwamba kuku wake wamemaliza saladi yangu. Mimi nikifika kwa Bwana Everard nasema, dada yako anauliza kama ulilala vizuri, na anaomba kuku wafungiwe. Bwana Everard angesema, mwambie huyo mwanamke kwamba nyuki wake wameniuma, natumaini walikufa. Nami namwambia Bi Lavinia, kaka yako anasema asali ya mwaka huu ni tamu, ila leo hakuelewana na nyuki. Ngome ilisimama kwa mawe, lakini amani yake ilisimama kwa ulimi wangu.

Mwaka huu paa la mnara wa kaskazini lilianza kuvuja hata Bwana Everard akawa analala na mwavuli. Chama cha Wahifadhi wa Majumba ya Kale kilikubali kulitengeneza, kwa sharti kwamba ngome ifunguliwe kwa watu, na wenyewe wote wawili watie sahihi, wakikubaliana historia itakayoandikwa katika kitabu cha wageni. Wasipokubaliana, hakuna paa, na bila paa hakuna atakayevumilia majira mengine ya baridi mle. Wao wangekwenda kwenye nyumba za wazee, mmoja huku mwingine kule, ngome ingebaki ya popo. Na mimi pia ningetafuta pa kuweka kichwa.

Basi Jumamosi ile ikawa siku ya kufungua. Chama kilimtuma Bwana Septimus Garrow, mtu mnene, mpole, mwenye kamba ya kupimia mfukoni. Bendi ya kijiji ilikuja na matarumbeta yote. Hema la chai lilisimamishwa nje, upande wa pili wa daraja, na kwa kuwa sukari na siagi hazigawiwi tena kwa kadi, wanawake wa kijiji walioka keki kama watu waliofunguliwa kutoka gerezani. Bwana Everard naye alikuwa amemwagiza Oswin Tuck, yule mhunzi, kutundika ubao mpya juu ya lango: NGOME YA ALDERCOMBE, HAIJAWAHI KUTEKWA. Bi Lavinia aliuona asubuhi. Alivaa suruali yake ya bustani, akachukua mwavuli, akatoka, akasema hatapita chini ya uongo ule tena, akaenda kulisimamia hema la chai.

Bwana Everard alimwingiza Bwana Garrow langoni na kumwonyesha kila kitu: matundu ya dari ambayo watu wa kale waliwamwagia maadui maji ya moto, mianya ya mishale, ngazi inayojizungusha kwa mkono wa kulia ili adui anayepanda apate shida kuzungusha upanga wake. Kisha akafika kwenye lile lango la kimia, lile kubwa la mbao na vyuma linaloning'inia juu kwa minyororo, ambalo hata babu hakuwahi kuliona likishuka. Bwana Everard akataka lishushwe kidogo tu, kiasi cha kiganja, mgeni aone. Oswin alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mnyororo umechoka. Bwana Everard akamjibu kwamba mnyororo ule ulitengenezwa na watu waliojua kazi. Oswin akapanda juu kwenye roda.

Lilishuka lote. Lilishuka kana kwamba lilikuwa likisubiri ruhusa tangu enzi za Bwana Fulk, likatua juu ya ngoma kubwa ya bendi iliyokuwa imewekwa pale, ngoma ikalia mlio ambao haijawahi kuutoa kwa kupigwa, na watu waliokuwa nje wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Hakuumia mtu, Mungu ashukuriwe. Lakini mnyororo ulikatika na lango likakwama upande upande kwenye mfereji wake wa mawe. Ndani tulikuwa Bwana Everard, Bwana Garrow, Mchungaji Pask, Oswin, bendi nzima na mimi. Nje walibaki wanawake wote, keki zote, na mkokoteni wa Oswin wenye jeki na mitaimbo yake.

Bi Lavinia alikuja polepole juu ya daraja akiwa na kikombe cha chai. Akasimama mbele ya kimia, akanywa funda moja, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyekuja kuchagua kondoo mnadani. Mchungaji Pask akamwomba mke wake, aliyekuwa nyuma ya Bi Lavinia, apitishe mtaimbo kwenye matundu ya kimia, na sandwichi mbili tatu kama haitakuwa taabu. Mama Pask akajibu kwa upole kwamba hema liko chini ya amri ya Bi Lavinia. Na Bi Lavinia akatangaza kwamba hakuna mtaimbo utakaopita, wala kipande cha keki, mpaka mwenye ngome akiri kwamba ngome iliwahi kutekwa.

Alimwambia mama Pask, lakini macho yake yalikuwa kwa kaka yake. Bwana Everard akanigeukia mimi, kama desturi, akasema nimwambie dada yake kwamba aone haya. Mimi nikafungua mdomo nipeleke ujumbe, kisha nikatambua kwamba dada mwenyewe yuko hatua chache mbele yangu, na amesikia. Kwa mara ya kwanza sikuwa na la kubadilisha.

Ndipo Bi Lavinia akasema naye moja kwa moja. Akasema ajabu ni kwamba mtu anayemtumia salamu kila Jumapili na kuisifu asali yake anaweza kuwa mkaidi namna hii. Bwana Everard akauliza ni salamu gani. Akasema yeye hajasifu asali tangu nyuki walipomuuma sikio, na kwamba anayetuma salamu ni yeye Lavinia, anayeuliza kila asubuhi kama amelala vizuri. Bi Lavinia akasema yeye hajauliza hata siku moja.

Hata mpiga tarumbeta aliyekuwa akimung'unya mdomo wa tarumbeta kwa njaa aliacha. Kisha wote wawili wakanitazama, mmoja kila upande wa kimia. Lambert, kama handaki lingekuwa karibu ningejitosa.

Bwana Everard hakunikaripia. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Nilijua, Thirza. Nimemjua Lavinia maisha yangu yote. Hawezi kumuuliza mtu kama amelala vizuri. Ila ilikuwa vizuri kuulizwa."

Bi Lavinia aliyasikia, maana kimia hakizuii sauti. Alitazama ndani ya kikombe chake muda, ingawa chai ilikuwa imekwisha. Nilidhani mambo yatamalizika pale. Lakini unawajua Wahallowes. Mpiga zumari mmoja akacheka kidogo, wote wawili wakakumbuka kwamba wanatazamwa, na vita vikaanza upya.

Tulizingirwa mchana kutwa. Hepzibah atakuwa amekuandikia kwamba tulilia njaa. Ni uongo. Aliyelia ni mpiga ngoma, na yeye alikuwa akiililia ngoma. Mimi jikoni nilikuwa na vitunguu na nusu mkate, nikaugawa kwa bendi nzima kama ile mikate ya kwenye Injili, ila muujiza haukutokea. Bwana Garrow peke yake ndiye aliyefurahi. Alikuwa amesoma habari za kuzingirwa ngome maisha yake yote, na hii ilikuwa ya kwanza kumpata. Alikuwa akitembea huku na huku akipima ukuta na kumuuliza Mchungaji njaa yake imefika wapi. Kule nje Bi Lavinia aliwaamuru wanawake wale keki mahali tunapowaona. Mama Pask alikula kipande cha keki ya limau taratibu sana, na mumewe akageuka kutazama ukutani.

Wavulana wa bendi wakaanza kuwatania wanawake kupitia kimia, kwamba wakitoka watawaonyesha. Hepzibah akawajibu kwamba kwanza watoke. Mwingine akaapa kuoa mwanamke yeyote atakayempa soseji moja. Akaulizwa kama mke aliyenaye hana soseji. Akasema anazo, lakini kwa jinsi anavyomjua mumewe, hatampa.

Mwishoni Bwana Garrow ndiye aliyeuliza swali lenye maana, naye aliliuliza kwa adabu ya msomi. Aliuliza kama shimo lenyewe la choo, lile la kisa, linaloshuka ukutani hadi handakini, bado lipo. Bwana Everard akasema lipo, katika mnara wake wa kaskazini, chumba cha orofa ya kwanza, na yeye hulitumia kama kabati la mvinyo kwa ajili ya baridi yake. Akasema amechungulia mara nyingi, na shimo lile hata paka angekwama. Akasema ndiyo maana kisa chote ni upuuzi.

Bi Lavinia akasogea mpaka uso wake ukagusa kimia.

"Akipita mtu hapo, utakiri?"

"Akipita mtu hapo," Bwana Everard alisema, "nitatangaza mwenyewe kwamba ngome imetekwa. Mbele ya Mchungaji, mbele ya bendi, mbele ya yeyote."

"Umesikia, Bwana Pask?"

Mchungaji akasema amesikia, na akauliza kama wakati huo huo hawezi kupewa hata biskuti. Bi Lavinia alimpa mama Pask kikombe, akaondoka darajani. Bwana Everard alisema dada yake amekata tamaa. Akaanza kumweleza Bwana Garrow kwa kirefu habari za Bwana Fulk katika vita vya Ufaransa.

Lakini mimi nilikwenda kwenye mwanya wa mishale upande wa kaskazini, nikachungulia. Na nilimwona, Lambert. Alikuwa amesimama ndani ya ule mtumbwi bapa wa kukatia magugu, mwavuli ameufunga kiunoni kama upanga, Hepzibah na mama Pask wakiusukuma mtumbwi kwa miti ya hema. Mwanamke ambaye nywele zake zilikwisha kuwa nyeupe kabla vita havijaisha. Najua anapanda miti ya tufaha kila mwaka, na ni mwembamba kama ufagio, lakini mti wa tufaha hauna ukungu ndani.

Nilisimama pale nikifikiri. Miaka yote sikuwahi kuchukua upande wa mtu katika nyumba ile. Nikawaza kwamba nikimwambia Bwana Everard atamzuia, na wataendelea kutumiana maneno kupitia kwangu mpaka mmoja wao afe na mwingine akose wa kumtukana. Na nisipofanya kitu, atavunjika shingo. Basi nilikwenda kwenye kabati la shuka, nikachukua zile za kitani, zile nzito za marehemu bibi yao, nikazifunga pamoja kwa fundo lile ulilonifundisha wewe. Oswin Tuck aliniona nikipita na mzigo, akanifuata bila kuuliza. Nilipomweleza, tukaenda kwenye kabati la mvinyo, akaanza kuhamisha chupa.

Tuliondoa mbao za kabati. Chini kulikuwa giza, na baada ya muda giza likatukana. Nilijua amefika. Tukamshushia shuka. Aliweka mgongo ukuta mmoja na miguu ukuta wa pili, akawa anapanda kidogo kidogo, nasi tunavuta kila anaposema vuta. Katikati alikwama. Akanyamaza, na mimi nikaanza kuomba. Kisha sauti yake ikatoka chini, imetulia kabisa, akituambia kwamba ukutani kuna vishimo vya kuwekea miguu, vimechongwa, na kwamba Everard ni mpumbavu. Tukavuta. Alitokea katikati ya chupa za mvinyo, kichwani ana ukungu wa kijani, kiwiko kinatoka damu, mwavuli umepinda. Aliniangalia mimi na Oswin, akasema asante, akachukua chupa moja, akashuka ngazi.

Bwana Everard alikuwa bado langoni, mgongo kwetu, akiwaambia wale wa nje kwamba ukuta huu umewashinda watu hodari kuliko wao. Wanawake kule darajani walikuwa wamekwisha kumwona Bi Lavinia akija nyuma yake kupitia ua, na hakuna aliyepumua. Alimgusa begani kwa ncha ya mwavuli.

"Everard. Geuka."

Akageuka. Sijui nikueleze vipi uso wake. Alimtazama kuanzia ukungu wa kichwani mpaka viatu vilivyojaa matope ya handaki, kisha akautazama mkono.

"Umeumia?"

"Kiwiko tu."

Alitoa kitambaa chake, kile cha hariri anachokitumia kanisani, akamfunga kiwiko pale pale. Bi Lavinia alisimama akafungwa kama mtoto. Ndipo Bwana Everard akajinyoosha, akawageukia watu wote, akatangaza kwa sauti ya kanisani kwamba ngome ya Aldercombe imetekwa na dada yake Lavinia, kwa njia ya choo.

Bwana Garrow, kwa kuwa ni mtu wa haki, alikohoa, akasema kwa heshima zote kwamba mtu kupita leo kunathibitisha tu kwamba inawezekana kupita. Hakuthibitishi kwamba wale vijana wa kale walipita. Bi Lavinia akataja vile vishimo vya miguu. Bwana Garrow akasema huenda vilikuwa vya mwashi. Nilidhani tunarudi mwanzo. Lakini Bwana Everard akainua mkono.

"Bwana wangu," alisema, "ya wakati ule siyajui. Asubuhi nilipotundika ubao ule, ngome hii ilikuwa haijatekwa. Sasa imetekwa. Andika tarehe ya leo."

Basi Bi Lavinia akawaamuru wanawake waingize mtaimbo na keki, keki kwanza. Oswin alitia mtaimbo chini ya lango, bendi nzima ikalalia juu yake, wakaliinua kiasi cha watu kutambaa kwa tumbo. Wa kwanza kutoka alikuwa Mchungaji. Bwana Garrow alikwama kidogo kwenye kiuno, akavutwa na mama Pask, akasimama upande wa pili amejaa vumbi na furaha. Watu hawakwenda nyumbani. Waliingia kwa tumbo, wakatoka kwa tumbo, watoto kwa wazee, kila mtu akitaka kuona lile kabati la mvinyo. Wamekuwa wakija kila siku tangu Jumamosi, hata kutoka Bristol.

Sahihi zimetiwa zote mbili, na mafundi wa paa watakuja wiki ijayo. Kitabu kitaeleza kisa cha jikoni na kisa cha mezani, kila kimoja na ukurasa wake. Ubao uliwagombanisha siku mbili, wakigombana uso kwa uso, kwa sauti, tena kwenye meza moja, nami nikipika kwa amani bila kubeba neno la mtu. Sasa Oswin amekwisha kuutundika upya. Unasema: HAIJAWAHI KUTEKWA NA MGENI.

Sasa, Lambert, kuna neno nililoliruka, nawe unanifahamu, labda umelinusa. Nilipokueleza habari za ile shuka, sikukueleza yote. Bi Lavinia alipokwama katikati na kunyamaza, mimi na Oswin tulikuwa tumeshika shuka moja, bega kwa bega, hatuwezi kuiachia. Akasema, bila kunitazama, "Bi Thirza, nimetafuta namna ya kukwambia neno hili tangu mke wangu alipofariki, na kila siku nikija na misumari nasahau. Sasa siwezi kukimbia, nawe huwezi. Utakubali kuolewa na mimi?" Nikamwambia, Oswin, kuna mtu ndani ya shimo. Akasema analijua hilo. Na kutoka chini kabisa, gizani, Bi Lavinia akasema nimjibu upesi mtu huyu, maana mikono yake yeye inachoka.

Nilimjibu. Nimekubali.

Kwa hiyo, kaka, sitakuja Manitoba. Najua umejenga kile chumba upande wa jua, na Ottilie ameshona pazia, na umeniita kila Krismasi tangu mama atutoke. Nimeisoma barua yako ya Juni mara nyingi kabla sijaandika hii, na ni ile shuka iliyonijulisha jibu. Si kwamba sikupendi, wala si kwamba naogopa bahari. Ni kwamba nimekuwa nikikaa hapa kama mtu anayengoja kuondoka, na Jumamosi ile, nikiwa nimejaa utando wa buibui na mikono imechubuka, niligundua kwamba sitaki kwenda popote. Nisamehe kwa ajili ya pazia. Oswin ni mtu mzuri. Haongei sana, hanywi sana, na mtaimbo wake ulirudi salama. Nakuomba umpokee kama shemeji.

Tutafunga ndoa mwezi wa Oktoba, matufaha yakishavunwa. Baba hayupo, wewe ndiye baba yangu, na mahali pa kunishika mkono kanisani ni pako. Najua ni mbali, na nauli ni mzigo, na mavuno hayangoji mtu. Lakini nakueleza hali ilivyo. Bwana Everard amejitolea kunipeleka madhabahuni kwa niaba yako. Bi Lavinia amesema yeye ndiye aliyehudhuria posa, kwa hiyo haki ni yake. Jana hawakusemezana kutwa nzima, na jioni Bwana Everard aliniita akasema nimwambie dada yake jambo fulani. Nimekataa. Njoo, Lambert, la sivyo nitaingia kanisani nikivutwa huku na huku kama ile shuka.

Nisalimie Ottilie, mwambie pazia alihifadhi, tutakuja kulitazama mimi na Oswin siku moja Mungu akipenda. Wabusu watoto, na mkubwa mwambie shangazi yake amejifunza kutambaa upya uzeeni. Hepzibah anakusalimu, ingawa hakusema nikusalimie.

Ndimi dada yako akupendaye,

Thirza Lovell